Pete ya Kale ya Fedha Iliyofukuliwa kwa Ditekta Bagamoyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Bagamoyo, mgeni au mtafutaji yeyote ambaye kifaa cha kutambua metali, ambacho wengi tunakiita ditekta, kimemfikisha kwenye pete ya kale ya fedha. Baadhi ya maswali ni yale ambayo watu huyauliza wakiwa tayari na pete mkononi. Mengine ni yale ambayo ingekuwa heri wangeyauliza kabla ya kuishika.

Pete imeonekana sasa hivi ndani ya shimo. Nianze na nini?

Acha kuchimba. Piga picha pete ikiwa pale pale ilipo, kabla ya kuigusa, na uweke kando yake kitu ambacho ukubwa wake unafahamika, kama rula au sarafu. Fungua ramani ya simu yako, uweke alama mahali hapo, kisha uandike tarakimu zake kwenye karatasi, kwa sababu simu hupotea na hufutika. Pima kina kutoka usoni mwa ardhi hadi kwenye pete. Tazama udongo unaoizunguka: ni mchanga mkavu, ni tope la mikoko, ni kifusi cha chokaa na matumbawe, au ni udongo mweusi wenye mkaa? Je, kuna vigae vya vyungu, shanga, vipande vya vioo au mifupa karibu yake? Yote hayo yaandikwe siku hiyo hiyo.

Kama maji yanajaa na yataifikia, au kama mahali pana watu wengi na pete haitasalimika, itoe pamoja na bonge la udongo lililoishikilia, uiweke ndani ya chombo chenye mfuniko, kisha ulifukie shimo. Usiisugue kwa kidole ili kuona kama inang'aa. Katika hali nyingine yoyote iache pale ilipo, uifunike kwa udongo wake, na utoe taarifa.

Kwa nini mahali ilipokuwa panapewa uzito kuliko pete yenyewe?

Kwa sababu pete nyingi za pwani hazina tarehe, hazina jina la sonara na hazina jina la mvaaji, na kitu pekee kinachoweza kuzisemea ni vile vilivyolala pamoja nazo. Mfano mzuri tunao hapa hapa kwetu. Mwaka 1984 watafiti waliochimba Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, walipata akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ni sarafu ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa pwani ambao tarehe zao hazikujulikana. Sarafu hizo zenyewe hazikuandikwa mwaka. Lakini pamoja nazo kulikuwa na dinari chache za dhahabu za ng'ambo zilizokuwa na mwaka, na kwa dinari hizo ikawezekana kusema kwamba watu wa Pemba walikuwa wakitumia sarafu zao wenyewe mnamo karne ya 11. Kama mtu mmoja angezichukua dinari akaziuza, na mwingine akayeyusha zile ndogo, tusingebaki na lolote la kusema.

Bagamoyo inahitaji ushahidi wa namna hiyo kuliko miji mingi. Habari zake zilizoandikwa zimejaa wamisionari, wapelelezi wa Kizungu na maofisa wa Kijerumani. Wapagazi waliotoka Unyamwezi na pembe za ndovu, watumwa waliofikishwa pwani, wanawake wa mjini na mafundi wa mitaani hawakuacha shajara. Walichoacha kiko ardhini, na pete iliyong'olewa bila kumbukumbu ni shahidi aliyenyamazishwa.

Je, ninaruhusiwa kutafuta vitu vya kale kwa ditekta?

Bila kibali, hapana. Tanzania inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, na chini yake kuchimba kwa nia ya kutafuta vitu vya kale kunahitaji leseni inayotolewa na mamlaka ya mambo ya kale. Ruhusa ya mwenye shamba au ya mwenyekiti wa mtaa haichukui nafasi ya leseni hiyo, ingawa nayo ni ya lazima kwa adabu na kwa amani. Katika maeneo yaliyohifadhiwa, kama Kaole yenye msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi yake yenye nguzo, hata kutembea na ditekta iliyowashwa ni jambo la kujitafutia kesi.

Mtu aliyeipata pete kwa bahati, kwa mfano alipokuwa akilima, akichimba msingi wa nyumba au akitafuta funguo zake ufukweni, hana kosa kwa kuipata. Wajibu wake ni kutoa taarifa bila kuchelewa.

Taarifa hiyo ninaipeleka kwa nani?

Anza na uongozi wa serikali ulio karibu nawe: mtendaji wa kijiji au wa kata, au ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Unaweza pia kwenda moja kwa moja kwa watumishi wa mambo ya kale walioko Bagamoyo, au Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Nenda na picha na maelezo yako ya mahali. Ukiikabidhi pete, omba hati ya mapokezi yenye tarehe, jina la aliyepokea, maelezo ya pete na uzito wake, na ubaki na nakala. Hati hiyo hukulinda wewe, na huilinda pete pia.

Watu hutaja mwaka 1863. Una maana gani?

Sheria inahesabu kuwa kitu cha kale kitu chochote kinachohamishika ambacho kimetengenezwa au kubadilishwa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863. Pete ya fedha iliyofuliwa kabla ya mwaka huo inalindwa moja kwa moja, bila kusubiri tangazo lolote. Vitu vya baadaye navyo vinaweza kulindwa kwa kutangazwa, kwa hiyo mtu asidhani kwamba kila kilichotengenezwa wakati wa Wajerumani ni halali ya mwokotaji.

Kwa macho tu, ni vigumu sana kutofautisha pete ya mwaka 1850 na ya mwaka 1880, kwa sababu mafundi walirithishana mitindo na vifaa. Kwa maoni yangu njia ya haki ni moja: ichukulie kuwa ni ya kabla ya 1863 mpaka mtaalamu aseme vinginevyo.

Nitajuaje kwamba ni fedha kweli?

Sumaku haitoshi. Fedha haivutwi na sumaku, lakini shaba, shaba nyeupe na alumini nazo hazivutwi. Hadhari zaidi inahitajika kwa ile inayoitwa fedha ya Kijerumani, ambayo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki usio na chembe ya fedha ndani yake, na ambayo ilitumika sana kwa vitu vya bei nafuu tangu karne ya 19.

Kipimo kisichodhuru ni cha uzito na maji, nacho sonara yeyote mwenye mizani nyepesi anaweza kukusaidia. Pima pete ikiwa kavu. Kisha ining'inize kwa uzi mwembamba ndani ya bilauri ya maji iliyokwisha kuwekwa juu ya mizani na kurudishwa kwenye sifuri, bila pete kugusa kuta wala chini. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kwanza kwa wa pili. Pete ya gramu 6.2 inayosukuma gramu 0.6 za maji inatoa 10.3, na hiyo ni dalili njema, kwa sababu fedha tupu ni 10.49 na fedha iliyochanganywa na shaba kidogo hushuka chini ya hapo. Shaba ni 8.96, na fedha ya Kijerumani iko karibu na 8.7. Kipimo hiki hakifai kwa pete yenye kito, wala kwa pete iliyofunikwa na gamba nene.

Usikubali sonara aikwaruze pete kwenye jiwe na kuitia tindikali. Ni njia yao ya kawaida kwa pete za kuuza, lakini kwa kitu cha kale huacha jeraha lisilofutika.

Pete yangu ni nyeusi, ya mwenzangu ni ya kijivu, nyingine ina kijani. Kwa nini?

Rangi hizo ni habari, na ndiyo sababu nyingine ya kutokuzifuta. Tope la mikoko lina gesi yenye salfa, ile inayonuka kama yai viza, na salfa hiyo ikiungana na fedha hutoa weusi. Mchanga wenye chumvi ya bahari huigeuza fedha kuwa kloridi, nayo huonekana kama gamba la kijivu au la zambarau iliyofifia, laini kama nta, ambalo linaweza kuwa limekula sehemu kubwa ya metali iliyo chini yake. Kijani hutoka kwenye shaba iliyochanganywa na fedha. Mtaalamu akiiona pete nyeusi inayosemekana imetoka kwenye mchanga mkavu wa juu, ana haki ya kuuliza kama kweli ndiko ilikolala miaka yote, au imesukumwa huko kutoka kwenye mkondo wa maji.

Basi niisafishe kwa nini? Ndimu, majivu, dawa ya meno?

Usitumie hata kimoja kati ya hivyo. Ndimu na siki ni tindikali. Majivu, dawa ya meno na mchanga hukwangua, na maandishi yaliyobaki kwa unene wa unywele huondoka kwa dakika moja. Njia ya magadi na karatasi ya alumini, ambayo watu huonyeshana mitandaoni, huiacha pete ikiwa imepauka na yenye vishimo.

Kama pete imetoka kwenye chumvi, unachoweza kufanya ni kuilaza ndani ya maji yaliyotoneshwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwa kuongezea kwenye betri za magari (si tindikali ya betri), na kuyabadilisha mara kadhaa. Kisha iache ikauke kivulini. Ihifadhi ndani ya karatasi nyeupe laini, kwenye kijaluba, pamoja na kile kifuko cha kukaushia unyevu kinachokuja na viatu vipya. Usiifunge kwa mpira wala usiizungushie gazeti au kitambaa cha sufi, kwa sababu vitu hivyo vinaweza kuwa na salfa.

Na usijaribu kuinyoosha ikiwa imepinda, au kuivaa. Fedha iliyokaa ardhini muda mrefu huwa dhaifu kwa ndani na huweza kukatika kama biskuti, hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Pete ya fedha ya Bagamoyo inaweza kuwa ya nani?

Hapa ndipo penye utajiri. Kaole ilikuwa mji kabla Bagamoyo haijajulikana, na bandari yake ilipovamiwa na mikoko biashara ikahamia kaskazini, umbali wa kilomita zipatazo tano. Katika karne ya 19 Bagamoyo ikawa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, na mbele yake, ng'ambo ya mlango wa bahari, ipo Unguja. Walikutana hapo Washomvi wenyeji, Waarabu wa Omani, askari wa Kibaluchi, wafanyabiashara wa Kihindi kama Sewa Haji, wapagazi, na kuanzia mwaka 1868 wamisionari Wakatoliki pamoja na watu waliokombolewa utumwani waliojenga kijiji chao hapo misheni. Kisha wakaja Wajerumani, walioifanya Bagamoyo makao yao makuu hadi mwaka 1891.

Mwanamume Mwislamu haruhusiwi kuvaa dhahabu, bali pete ya fedha anaivaa, na Mtume Muhammad (S.A.W.) mwenyewe alikuwa na pete ya fedha aliyoitumia kama muhuri. Kwa hiyo pete nzito ya kiume yenye kito cha akiki nyekundu si jambo la ajabu pwani. Akiki nyingi ilitoka Gujarati, hasa Khambhat, na nyingine Yemeni. Pete nyembamba za kike huvaliwa nyingi kwa pamoja, na aghalabu hazina maandishi.

Metali yenyewe inaweza kuwa imesafiri mbali zaidi ya pete. Mafundi wa pwani na wa Arabuni waliyeyusha riale za Maria Theresa, sarafu kubwa zilizopigwa Ulaya zikiwa na mwaka 1780 hata pale zilipotengenezwa miaka mingi baadaye. Kila moja ina uzito wa gramu 28 na zaidi kidogo, na sehemu 833 kati ya 1,000 ni fedha. Riale moja ilitosha pete kadhaa. Rupia za Kihindi, zenye gramu 11.66, nazo zilifaa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana kupima mchanganyiko wa metali peke yake hakutuambii pete imefuliwa wapi.

Kuna maandishi ya Kiarabu lakini hayasomeki. Nimkabidhi nani?

Kwanza itazame kwenye kioo. Kama maandishi yananyooka humo, basi pete ni muhuri: yamechongwa kinyume ili yatoke sawasawa yakigandamizwa kwenye wino au nta, na mwenye nayo alikuwa mtu wa kutia saini, kama kadhi, liwali, jumbe au mfanyabiashara. Kama yanasomeka moja kwa moja, huenda ni dua au jina. Tarakimu au herufi zilizopangwa ndani ya vyumba vya mraba kwa kawaida ni za kinga, kwa namna ya hirizi.

Muhuri mara nyingi huwa na mwaka wa Hijria. Zidisha mwaka huo kwa 0.97, kisha ongeza 622, utapata mwaka wa Miladi kwa kukaribia. Mwaka 1250 unatoa 1834 au 1835. Mwaka 1280 ulianza katikati ya mwaka 1863, kwa hiyo kwa bahati njema mpaka wa sheria yetu unasomeka kirahisi kwenye pete za aina hii. Angalia tu tarakimu zenyewe: katika namba za Kiarabu sifuri ni nukta, na tano ni duara dogo, na wasomaji wengi huifuta nukta wakidhani ni uchafu, kisha wakaisoma tano kuwa sifuri. Namba 2 iliyochongwa kinyume nayo hudanganya, ikaonekana kama 6.

Picha iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni, tochi ikiwa karibu sawa na uso wa pete, huonyesha michongo kuliko kusugua kokote. Mpelekee picha hiyo mwalimu au sheikh anayesoma hati za kale. Pete yenyewe haina haja ya kuzunguka.

Na kama alama ni za Kizungu?

Simba anayetembea ni alama ya fedha ya Uingereza, na nanga kando yake ni ya Birmingham. Kaa mdogo au kichwa cha nguruwe mwitu ni vya Ufaransa, kuanzia mwaka 1838. Tarakimu 800 huonekana sana kwenye kazi za Kijerumani, na 925 hutumika hadi leo, kwa hiyo pete yenye 925 peke yake huenda imedondoka kidoleni mwa mtalii.

Mbona ditekta inapiga kelele ovyo ufukweni?

Ditekta hupeleka uga wa sumaku ardhini na kusikiliza umeme mdogo unaozuka ndani ya metali. Fedha hupitisha umeme kuliko metali zote, na pete nzima ni duara lililofunga, kwa hiyo mlio wake ni wa juu na safi. Pete iliyokatika hulia kwa unyonge. Maji ya chumvi nayo hupitisha umeme, na mchanga uliolowa huidanganya mashine ya kawaida. Pete kwa kawaida husikika ikiwa ndani ya sentimita 15 hadi 25, na makopo ya alumini hulia karibu sawa nayo.

Nimesikia kwamba Wajerumani walizika hazina, na pete ni dalili yake. Ni kweli?

Si kweli kwamba pete ni dalili. Imani hii imeenea mikoa mingi, na imewafanya watu kubomoa kuta za boma, kufukua makaburi na kuwalipa matapeli wenye ramani na mashine. Rupia za fedha za Kijerumani zilikuwa pesa ya kila siku, zikadondoka sokoni na njiani kama pesa yoyote. Rupia 15 za dhahabu zilizopigwa Tabora mwaka 1916 zipo kweli, lakini hazikuandamana na pete za kuonyesha njia. Anayekuomba pesa ili "akufungulie" mahali, achana naye.

Kidini, je, kitu kilichookotwa si halali ya aliyekiokota?

Mafundisho ya Kiislamu hayako upande wa haraka hiyo. Mali iliyookotwa hutangazwa kwa mwaka mzima ili mwenyewe apatikane. Hazina iliyozikwa na watu wa kabla ya Uislamu ina hukumu yake ya kutolewa khumsi, yaani sehemu moja ya tano, lakini katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa pwani, kilichozikwa kikiwa na alama za Kiislamu huhesabiwa kuwa mali iliyookotwa. Muulize sheikh wako kuhusu pete yako mahususi, na ujue kwamba sheria ya nchi inabaki palepale.

Wazee wanasema pete ya kale inaweza kuwa na jini. Niiguse?

Imani hiyo iheshimiwe, kwa kuwa ni ya wenyeji wa mahali ulipoipata. Kwa vitendo inakwenda sambamba na ushauri wa ukurasa huu: usiivae, usiichezee, na usiipeleke nyumbani kwa siri.

Karibu na pete kuna mifupa ya mtu.

Simama hapo hapo, funika, uondoke, utoe taarifa kwa mtendaji na polisi. Hakuna pete inayostahili kumfukua maiti. Kwenye makaburi ya Kaole, ya Tongoni kule Tanga, au ya mtaani kwenu, hukumu ni hiyo hiyo.

Ina thamani ya shilingi ngapi?

Kwa uzito wake, gramu chache za fedha hazimtajirishi mtu. Bei kubwa zinazotajwa na madalali ni za wanunuzi wa nje wanaotaka kitu kisicho na maswali, na kuuza au kusafirisha kitu cha kale nje ya nchi bila kibali cha maandishi ni kosa. Mnunuzi anayekuomba usimwambie mtu ulipoipata amekwisha kukueleza yeye ni nani.

Niliipata miaka mingi iliyopita, nikaisafisha, na mahali sipakumbuki vizuri. Nifanye nini sasa?

Itoe. Chora ramani kwa mkono, hata kama ni ya kukisia, ukitaja mti, kisima, ukuta au nyumba uliyokuwa karibu nayo, na uandike wazi lipi una hakika nalo na lipi unalikisia. Kama kuna ndugu au jirani mliyekuwa naye, mwite aongeze anachokumbuka. Taja ulichoisafishia, kwa sababu ndimu na dawa ya meno huacha athari ambazo mtaalamu angeweza kuzidhania kuwa za ardhini. Kisha ipeleke pamoja na karatasi hizo, na chochote kingine ulichookota siku ile, hata kigae ulichodhani hakina maana.